Mwamba Ngoma Huvutia Kwake: Maandishi ya Mawe ya Uajemi wa Kale kama Chanzo cha Historia

Nilipokuwa mwanafunzi niliandika kazi ya semina juu ya Dario wa Kwanza, mfalme wa Uajemi aliyetawala tangu mwaka 522 hadi 486 kabla ya Kristo (K.K.). Nilikuwa nimepata tafsiri ya Kifaransa ya maneno aliyoyachongesha katika mlima wa Bisitun, nikafurahi mno. Niliwaza hivi: Herodotus ni Mgiriki, aliandika miaka mingi baadaye, na mengi alisimuliwa tu. Lakini huyu ni mfalme mwenyewe, anasema kwa kinywa chake, na maneno yake yako juu ya jiwe hadi leo. Basi nikanakili kila alichosema, nikakiita historia.

Mwalimu aliyesahihisha kazi ile hakuandika mengi. Pembeni mwa ukurasa wa tatu aliweka maneno mawili kwa wino mwekundu: “Nani kakuambia?” Darasani nikamjibu kwamba ni Dario mwenyewe aliyeniambia. Akacheka, wenzangu nao wakacheka, kisha akauliza: “Na Dario alikuwa na sababu gani ya kukuambia?”

Sikuwa na jibu siku ile. Makala haya ni jibu langu, japo limechelewa. Nayaandika kwa ajili ya wanafunzi wenzangu wa lugha, kwa maana naona kwamba kosa langu ni kosa letu sote: tukikuta neno limeandikwa, tena limeandikwa zamani, tena juu ya jiwe, tunaona aibu kulihoji. Nataka kuonyesha kwamba maandishi haya ni chanzo kizuri sana cha historia, lakini kwa yule tu anayejua kuyauliza. Na vifaa vya kuyauliza vingi ni vifaa vyetu sisi watu wa lugha.

Maandishi yenyewe

Tunaposema maandishi ya kale ya Uajemi, tunataja hasa mafungu mawili. La kwanza ni la wafalme wa ukoo wa Akemeni, waliotawala tangu karne ya 6 hadi ya 4 K.K. Hao ndio wafalme tunaowajua kutoka katika Biblia: Koreshi, Dario, Ahasuero (ambaye Wagiriki walimwita Xerxes) na Artashasta. Fungu la pili ni la Wasasani, waliotawala tangu karne ya 3 hadi ya 7 baada ya Kristo (B.K.).

Wafalme wa Akemeni waliandika kwa alama zilizofanana na kabari au misumari midogo. Mara nyingi waliandika habari ileile kwa lugha tatu: Kiajemi cha kale, Kielamu na Kibabeli. Kiajemi kilikuwa lugha ya mfalme na watu wake. Kielamu kilikuwa lugha ya zamani ya kusini-magharibi mwa Iran, na makarani wa serikali walikitumia sana. Kibabeli kilikuwa lugha ya elimu na ya sheria katika nchi ya mito miwili, Tigri na Frati.

Mwandiko huu ulisahaulika kabisa kwa zaidi ya miaka 2000. Aliyeanza kuufungua ni Mjerumani Georg Friedrich Grotefend, mwaka 1802. Nitaeleza jinsi alivyofanya kwa sababu kisa chake kitaturudia mbele. Kabla yake Mfaransa Silvestre de Sacy alikuwa amefaulu kusoma maandishi ya Wasasani, akisaidiwa na tafsiri za Kigiriki zilizochongwa pamoja nayo. Humo aliona wafalme wakijitambulisha kwa mtindo mmoja: fulani, mfalme wa wafalme, mwana wa mfalme fulani. Grotefend akakisia kwamba hata wafalme wa zamani zaidi walitumia mtindo huohuo. Alichukua maandishi mawili mafupi ya Persepolis, akatafuta maneno yanayojirudia. Akaona kuna mfalme ambaye baba yake ni mfalme, na babu yake hana cheo cha mfalme. Akapitia orodha ya wafalme wa Uajemi waliotajwa na Wagiriki, akauliza: ni nani aliyekuwa mfalme ilhali baba yake hakuwa mfalme, lakini mwanawe alimrithi? Jibu lilikuwa Dario, mwana wa Hystaspes, baba wa Xerxes. Kwa hayo majina matatu akapata herufi za kwanza.

Swali la kwanza: nani anasema, na anamwambia nani?

Twende sasa Bisitun. Ni mlima ulio karibu na mji wa Kermanshah, magharibi mwa Iran, kandokando ya njia kuu ya zamani iliyotoka Babeli kwenda Ekbatana, mji unaoitwa leo Hamadan. Juu sana ubavuni mwa mlima kuna sanamu zilizochongwa: Dario amesimama, mguu wake juu ya tumbo la mtu aliyelala chali. Mbele yake wamepangwa wafungwa tisa, mikono imefungwa nyuma, kamba moja imepita shingoni mwao wote. Kuzunguka sanamu hizo kuna maandishi marefu kwa lugha zote tatu.

Habari wanayosimulia ni hii, kwa ufupi. Cambyses, mwana wa Koreshi, alimuua ndugu yake Bardiya kwa siri, raia wasijue. Kisha akaenda Misri. Huku nyuma akatokea majusi mmoja jina lake Gaumata, akadanganya watu kwamba yeye ndiye Bardiya, akatwaa ufalme. Cambyses akafa. Hakuna aliyethubutu kumpinga Gaumata, mpaka Dario, pamoja na wenzake wachache, akamuua. Baada ya hapo nchi nyingi zikaasi, kila moja na mwongo wake aliyejidai kuwa mfalme. Dario akapigana vita 19, akakamata wafalme 9, na yote hayo, asema, katika mwaka mmoja.

Angalia kwanza msamiati. Neno linalorudi mara kwa mara ni “drauga”, yaani uongo. Waasi hawaitwi adui tu, wanaitwa waongo. Maasi hayaletwi na njaa, wala kodi, wala hamu ya watu kujitawala, yanaletwa na uongo ulioenea katika nchi. Mtu anayewaita wapinzani wake wote waongo ametupa habari moja ya hakika: kulikuwa na watu wengi walioona kwamba mwongo ni yeye. Mfalme ambaye haki yake haina ubishi hahitaji kupanda mlima kuitetea.

Angalia pia mahali palipochaguliwa. Sanamu unaweza kuziona ukiwa njiani chini, lakini herufi huwezi kuzisoma. Kwa miaka mingi nilidhani basi maandishi yale hayakuwa na msomaji wa kibinadamu, yaliandikwa kwa ajili ya mungu Ahura Mazda na kwa ajili ya wafalme wajao. Ni kweli kwamba Dario anawasemesha wafalme wajao, anawaonya na kuwabariki. Lakini mwishoni mwa safu ya nne anasema pia kwamba alituma maneno hayo katika nchi zote za dola. Maneno haya yangeweza kuwa majivuno, kama nakala zenyewe zisingepatikana. Vipande vya nakala ya Kibabeli, iliyochongwa katika jiwe, vimepatikana katika magofu ya Babeli. Na katika kisiwa cha Elephantine, kusini mwa Misri, ilipatikana nakala kwa lugha ya Kiaramu juu ya mafunjo, iliyoandikwa takriban miaka 100 baada ya ile ya Bisitun. Kiaramu kilikuwa lugha ya ofisi kutoka Misri hadi mipaka ya India. Kwa hiyo tunajua kwamba watu hawakuhitaji kuupanda mlima. Tangazo la mfalme liliwafikia walipo, kwa lugha waliyoielewa.

Swali la pili: je, lugha zote zinasema jambo moja?

Hapa ndipo kazi yetu inapoanza. Mwanahistoria asiyejua lugha atachukua tafsiri moja na kuiita “maandishi ya Bisitun”. Lakini hakuna maandishi ya Bisitun, kuna matoleo ya Bisitun, na hayalingani kila mahali.

Mfano wa kwanza ni jina la mungu. Mlimani Dario anashinda kwa msaada wa Ahura Mazda. Katika nakala iliyosimamishwa Babeli, mahali pa Ahura Mazda pamewekwa Beli, yaani Marduki, mungu mkuu wa mji ule. Mfalme yuleyule, vita vilevile, mungu mwingine. Kwa upande wake toleo la Kielamu linamtaja Ahura Mazda kisha linaongeza maelezo kwamba huyo ni mungu wa Waarya. Mwandishi hamfafanulii msomaji jambo ambalo msomaji analijua tayari. Nyongeza hiyo ndogo inatuonyesha karani wa Kielamu akiwafikiria wasomaji wake, ambao Ahura Mazda kwao alikuwa mungu wa watu wengine.

Mfano wa pili ni hesabu za waliokufa. Toleo la Kiajemi linasema tu kwamba Dario alilipiga sana jeshi la waasi, na kutaja siku na mwezi. Matoleo ya Kibabeli na ya Kiaramu yanaongeza idadi ya waliouawa na waliokamatwa katika vita mbalimbali. Ni makosa kusema “Dario anasema waliuawa watu kadha” bila kusema ni Dario wa lugha gani. Kwa nini Babeli na Misri zilihesabiwa maiti na Waajemi hawakuhesabiwa? Huenda ni desturi ya makarani, kwa maana wa nchi ya mito miwili walizoea tangu zamani kuhesabu katika matangazo ya vita. Huenda pia ni vitisho kwa nchi zilizotawaliwa. Siwezi kuamua, lakini swali lenyewe nisingeliona kama ningebaki na tafsiri moja.

Mfano wa tatu uko kwenye jiwe lenyewe. Mfungwa wa mwisho katika mstari, Skunkha, mkuu wa Wasaka, ambaye amevaa kofia ndefu iliyochongoka, aliongezwa baadaye. Ili kumpatia nafasi, mafundi walikata sehemu ya maandishi ya Kielamu yaliyokuwa tayari kando ya sanamu. Ikabidi Kielamu kinakiliwe upya mahali pengine. Na habari ya vita vya Skunkha iliongezwa katika safu ya tano ya Kiajemi tu, haikuandikwa kwa Kielamu wala kwa Kibabeli. Maana yake ni kwamba mnara huu haukuandikwa siku moja. Ulipanuliwa na kurekebishwa kadiri mambo yalivyobadilika. Tunaofundishwa kutafuta miswada na matoleo ya mwandishi wa riwaya tusisahau kwamba hata mlima una miswada.

Swali la tatu: mashahidi wengine wanasemaje?

Katika nchi ya mito miwili watu wa kawaida waliandika mikataba ya mikopo, mauzo na kodi juu ya vibao vya udongo, na kila kibao kilitiwa tarehe kwa jina la mfalme anayetawala siku ile. Karani aliyeandika mkopo wa shayiri hakuwa na nia ya kumtetea mfalme yeyote. Alitaka tu mkataba wake uwe halali. Ndiyo maana ushahidi wake una uzito.

Vibao hivyo vinatuambia nini? Kwanza, kwamba katika mwaka 522 K.K. watu wa Babeli walitia tarehe kwa jina la mfalme Bardiya, ambalo wao waliliandika Barziya, tangu majira ya kuchipua hadi mwezi wa Septemba. Dario anasema mtu yule aliuawa siku ambayo kwa kalenda yetu ni 29 Septemba 522. Mambo yanalingana. Pili, mara tu baadaye, mwezi wa Oktoba, vinaanza vibao vya mfalme Nebukadreza. Dario naye anasimulia kwamba Mbabeli aitwaye Nidintu-Bel alijidai kuwa Nebukadreza, mwana wa Nabonido. Tena yanalingana. Mwaka uliofuata akatokea Nebukadreza mwingine, ambaye Dario anamwita Arakha, na vibao vyake vipo pia.

Lakini tazama tofauti. Kwa Dario hao ni waongo. Kwa karani wa Babeli ni wafalme, na mikataba iliyofungwa kwa majina yao ilikuwa mikataba halali. Jiwe na udongo vinakubaliana juu ya tukio, havikubaliani juu ya jina la tukio. Kwa mwanahistoria hiyo ni faida kubwa: kwa kukubaliana kwao anapata tarehe, na kwa kutokukubaliana kwao anapata siasa.

Na ule mwaka mmoja wa ushindi wote? Dario anataja siku na mwezi wa vita vingi, lakini hataji mwaka. Ukizipanga tarehe zake kama wataalamu wengi wanavyozipanga, kutoka kifo cha Gaumata hadi kushindwa kwa Arakha ni zaidi ya miezi 12. Wapo wanaotafuta njia za kuhesabu ili mwaka utoshe. Mimi naona kwamba neno “mwaka mmoja” lilikuwa na kazi ya sifa kabla ya kuwa na kazi ya hesabu.

Herodotus pia ni shahidi. Anataja watu sita waliomsaidia Dario, na Dario mwenyewe anataja sita. Majina matano yanalingana. La sita halilingani: Dario anamtaja Ardumanish, Herodotus anamtaja Aspathines. Mtu angeweza kusema Mgiriki alibuni tu. Lakini nenda kwenye kaburi la Dario huko Naqsh-e Rostam, utaona wakuu wamechongwa wakiwa na silaha za mfalme, na mmoja wao ameandikwa jina: ni Aspathines. Kumbe alikuwa mtu halisi, mkubwa wa baraza mwishoni mwa utawala wa Dario. Inaelekea kwamba kadiri miaka ilivyopita, masimulizi yalimpachika mahali pa mtu aliyesahaulika. Jiwe moja limetusahihishia Herodotus, na jiwe lingine limetueleza kosa lake lilitoka wapi.

Swali la nne: jiwe linanyamazia nini, na linaponyokwa na nini?

Dario anasema Bisitun kwamba katika ukoo wake watu 8 walikuwa wafalme kabla yake, na yeye ni wa 9. Tunapoyasoma maneno haya peke yake, tunaona mrithi halali. Sasa kumbuka Grotefend. Ufunguo wake ulikuwa nini? Ni kwamba katika maandishi ya Persepolis, Hystaspes, baba wa Dario, hapewi cheo cha mfalme. Jambo lilelile lililomsaidia mtaalamu kusoma herufi linatusaidia sisi kusoma siasa.

Kuna zaidi. Xerxes, mwana wa Dario, aliacha maandishi Persepolis yanayoeleza jinsi alivyochaguliwa na baba yake miongoni mwa ndugu. Humo anasema kwamba siku Ahura Mazda alipomfanya Dario kuwa mfalme, baba yake Hystaspes na babu yake Arsames walikuwa hai wote wawili. Xerxes aliona ni sifa: mungu alimchagua Dario mbele ya wazee wake. Lakini kwetu neno hili linafungua mlango. Kama ufalme ungekuwa wa ukoo ule kwa urithi, ungempitaje babu, ukampita na baba, ukamfikia mjukuu? Mtoto, kwa kumsifu baba yake, ametoa siri ambayo baba aliifunika.

Tena kuna nasaba ya Koreshi. Katika maandishi ya udongo yaliyopatikana Babeli mwaka 1879, yanayojulikana kama silinda ya Koreshi, Koreshi anajitaja kuwa mwana wa Cambyses, mjukuu wa Koreshi, wa uzao wa Teispes, mfalme wa Anshan. Akemeni, ambaye Dario anamfanya kuwa chimbuko la ukoo mzima, hatajwi kabisa. Yako maandishi mafupi huko Pasargadae yanayomwita Koreshi mtu wa ukoo wa Akemeni, na wataalamu wengi wanaona kwamba Dario ndiye aliyeyaweka, ili aunganishe damu yake na ya mwanzilishi wa dola.

Swali la tano: lugha yenyewe ni ya umri gani?

Swali hili ni letu kuliko yote. Katika karne ya 20 vilijulikana vibao viwili vya dhahabu, vilivyosemekana vimetoka Hamadan, vyenye majina ya Ariaramnes na Arsames, yaani baba wa babu wa Dario na babu yake. Kila mmoja anajiita mfalme mkuu. Kama vingekuwa vya kweli, hoja yangu ya hapo juu ingeanguka: mababu wa Dario wangekuwa wafalme kweli.

Lakini wanaisimu walipovisoma waliona makosa ya sarufi. Kiajemi cha kale kilibadili mwisho wa nomino kulingana na kazi yake katika sentensi. Kufikia karne ya 4 K.K., wakati wa Artashasta wa Pili na wa Tatu, waandishi walikuwa wanaichanganya miisho hiyo kwa sababu katika usemi wa kila siku ilikuwa inapotea. Vibao vya dhahabu vina machafuko ya namna hiyohiyo. Ni kama kukuta barua inayosemekana ni ya babu wa babu yako, na ndani yake mna misemo ya vijana wa leo. Kwa sababu hiyo wataalamu wengi hawavikubali kuwa ni vya wakati wa Ariaramnes: ama vilitengenezwa mwishoni mwa enzi ya Akemeni, ama ni vya kughushi vya siku za karibuni. Neno la mwisho halikutolewa na mchimbaji wa magofu wala na mkemia, lilitolewa na mtu wa sarufi.

Wasasani: mfalme na kuhani

Nisije nikadhaniwa kwamba hayo ni ya Dario peke yake, niseme kidogo juu ya Wasasani. Huko Naqsh-e Rostam kuna jengo la mawe linaloitwa Kaaba ya Zartosht. Juu ya kuta zake mfalme Shapur wa Kwanza alichongesha, baada ya mwaka 260 B.K., habari za vita vyake na Waroma, kwa Kiajemi cha kati, Kiparthi na Kigiriki. Wachimbaji kutoka Chicago waliyafukua kati ya miaka 1936 na 1939.

Shapur anasema kwamba kaisari Gordian aliuawa katika vita vya Misiche, na kwamba kaisari Philip akalipa dinari 500,000 kupata amani. Waandishi wa Kiroma wana habari nyingine: kwao Gordian alikufa kwa hila za Philip, na kushindwa kule hawakutaji. Shapur anasema pia kwamba alimkamata kaisari Valerian kwa mikono yake mwenyewe, na hapa Waroma wanakiri kwamba kweli Valerian alitekwa. Basi tunajifunza kupima. Pale ambapo adui anakiri jambo la kumwaibisha, tunaamini kwa nguvu. Pale ambapo kila upande una sababu ya kusema alivyosema, tunaandika yote mawili na kungoja.

Chini ya maneno ya Shapur katika jengo lilelile, kuhani Kartir alichonga ya kwake. Anasimulia jinsi alivyopanda cheo chini ya mfalme mmoja baada ya mwingine, na jinsi Wayahudi, Wabuddha, Wakristo, Wamani na wengine walivyopigwa katika dola. Ukimsoma yeye peke yake utadhani alikuwa mkuu tangu mwanzo. Lakini Shapur, anapoorodhesha watu wa baraza lake, anamtaja Kartir kwa cheo cha “herbed”, cheo cha kawaida cha kuhani mwalimu, kisha anaendelea na wengine. Ukuta mmoja una sauti mbili. Juu ya mateso, hata hivyo, hatuna sababu ya kumshuku sana, kwa maana wafuasi wa Mani wenyewe, katika vitabu vyao vya Kikopti vilivyopatikana Misri, wanamtaja kati ya waliomtesa mwalimu wao. Aliyepiga na aliyepigwa wanasema jambo moja.

Je, jiwe lisingekuwepo?

Baada ya kuyasema haya yote, msomaji anaweza kuuliza kama nilivyouliza mimi siku ile: ikiwa kila mfalme anavutia kwake, kwa nini tusiyaache mawe na kusoma vibao vya udongo tu? Wahenga walisema mwamba ngoma huvutia kwake. Lakini hawakusema kwamba ngoma hailii.

Ni kweli, vibao vina mambo ambayo mawe hayana. Mwaka 1933 kulipatikana Persepolis maelfu ya vibao vya ofisi ya chakula, vingi vikiwa vya Kielamu, vya miaka 509 hadi 493 K.K. Humo tunawakuta wafanyakazi, wasafiri, posho za nafaka na divai, hata mama waliojifungua: aliyezaa mtoto wa kiume alipewa maradufu ya aliyezaa wa kike. Tunawakuta pia wanawake wa jumba la mfalme, kama Irtashduna, mke wa Dario, wakiagiza vyakula na kutia mihuri yao. Katika maandishi makubwa ya Dario juu ya mawe hakuna mke wa mfalme anayetajwa kwa jina. Lakini vibao havisemi kwa nini dola ilikuwepo, wala mfalme alitaka aonekane vipi. Karani wa posho hakueleza ukweli ni nini na uongo ni nini machoni pa serikali. Hilo jiwe ndilo linalotueleza.

Maandishi ya Dario kuhusu jumba lake la Susa ni mfano mzuri. Anaorodhesha mierezi ya Lebanoni, dhahabu ya Sardi na Baktria, pembe za ndovu kutoka Kushi, kusini mwa Misri, na kutoka India. Anataja mafundi Wababeli, Wamedi, Wamisri, Wagiriki wa Ionia. Je, kila mzigo ulifika kama alivyosema? Sijui, wala si hilo la kwanza kuuliza. Orodha hiyo inatuonyesha ramani ya dola kama ilivyokuwa kichwani mwa mfalme: kila nchi ina zawadi yake, na zawadi zote zinaishia nyumbani kwake. Hiyo pia ni historia, na ni ya hakika.

Na Gaumata? Je, aliyeuawa alikuwa majusi mdanganyifu, au alikuwa Bardiya wa kweli, mwana wa Koreshi, naye Dario akabuni kisa chote ili afunike damu? Wataalamu wengi wanashuku hivyo. Mtu aliyeuawa kwa siri raia wasijue, kisha mtu mwingine anayefanana naye hadi watu wa karibu wasimtambue: ni kisa kinachomfaa sana aliyebaki hai. Lakini Bisitun haiwezi kutukatia shauri hili, na vibao havijui, kwa maana vinasema Bardiya tu. Katika kazi yangu ya zamani niliandika: “Dario alimuua Gaumata mdanganyifu.” Leo ningeandika: “Mwezi wa Septemba 522 K.K. Dario na wenzake walimuua mtu aliyekuwa akitawala kwa jina la Bardiya. Dario alimwita Gaumata na kumwita mwongo.” Sentensi ya kwanza ni ya Dario, nami nilikuwa karani wake bila mshahara. Sentensi ya pili kila neno lake lina shahidi.

Basi, ndugu msomaji, ukipewa kesho andiko la kale la kutafsiri, usikubali kupewa toleo moja tu kama yako mengine. Andika pembeni ni lugha gani inasema kila neno. Tazama cheo kilichopo na cheo kisichokuwepo. Pima sarufi kabla ya kuamini tarehe. Tafuta yule ambaye hakuwa na faida yoyote katika jambo hilo, hata kama ni karani wa shayiri. Na ukimaliza, soma kazi yako upya kwa wino mwekundu, ukijiuliza mwenyewe kabla mwalimu hajakuuliza: nani kakuambia?